Tuhesabu Misitu, Tusihesabu Miche

Kila mwaka, tarehe 1 Aprili, huwa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Wakubwa hukusanyika, wanafunzi huimba, hotuba hutolewa, miche hutiwa ardhini, na jioni hesabu yake huandikwa na kupelekwa mbele. Sisi hatuidharau kazi hiyo, wala hatumcheki mtu ashikaye jembe kwa nia njema. Lakini twasema waziwazi, na twamwomba msomaji atusikilize mpaka mwisho: hesabu ya miche iliyopandwa si hesabu ya misitu iliyookoka, na mtu atupaye ile ya kwanza mahali pa hii ya pili atupoteza njia, hata kama hakukusudia.

Tazameni kwanza tarehe yenyewe. Kwa nchi ambazo masika yake huwa mwezi wa nne, siku hiyo yafaa sana. Kwetu Unyamwezi mvua huanza karibu na mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa nne huwa zaaga. Mche upandwao siku ile hupewa majuma machache ya unyevu, kisha hukabidhiwa kwa kiangazi cha miezi sita, na kwa mbuzi, na kwa moto. Wako viongozi wenye busara wapandao mapema, mvua zingali changa, hao twawasifu. Lakini anayengojea sherehe ndipo apande, huyo aipanda sherehe, haupandi mti.

Na sasa tufanye hesabu, kama tufanyavyo darasani. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184, na kila moja iliagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Tuseme agizo limetimizwa lote: miti 276,000,000. Ikipandwa kwa nafasi ya meta 3 kwa 3, hekta moja huchukua miti 1,111. Basi tumepata hekta 248,000 hivi. Upande wa pili wa daftari twaona nini? Upimaji wa misitu ya taifa uliotangazwa mwaka 2015 ulisema kwamba nchi ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba ilikuwa ikipoteza hekta 372,816 kila mwaka. Hesabu nyingine ya Serikali, ya mwaka 2017, ilitaja hekta 469,000 hivi kwa mwaka. Hesabu hizi zatofautiana kwa kuwa namna za kupima zilitofautiana. Lakini zote mbili zaishinda ile ya miche. Na kumbukeni, wasomaji wapenzi, kwamba katika hesabu yetu hatukuufisha hata mche mmoja! Ni nani kati yetu aliyepanda miche kumi akavuna miti kumi?

Bwana wetu alipotoa mfano wa mtini usiozaa, hakumsema mwenye shamba kuwa aliuliza mti ulipandwa siku gani, na nani alikuwako, na ngoma zilipigwa ngapi. Alimsema kuwa alikwenda mwaka baada ya mwaka kutafuta matunda. Huo ndio mwendo wa kupima kazi: kurudi mahali na kutazama. Basi kila mpango uletwao kijijini kwa jina la kuokoa misitu, uwe wa Serikali, wa wafadhili, wa makampuni, au hata wa misheni zetu, yafaa tuuulize maswali matatu.

Swali la kwanza: bila mpango huu ingekuwaje? Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi. Mtu akijisifu kwamba msitu wa kilimani haukukatwa kwa sababu ya mradi wake, mwulize: kulikuwa na nani aliyetaka kuukata? Huenda ni mbali na barabara, huenda una mawe matupu. Kuulinda msitu ambao hakuna aukusudiaye ni kama kumlinda samaki asizame. Na tena, msitu waweza kupungua, na mpango ukawa umefaa hata hivyo, kwa kuwa bila mpango ungalipungua zaidi. Asiyelinganisha hajui.

Majirani zetu wa Uganda walituonyesha jinsi ya kulinganisha. Kati ya mwaka 2011 na 2013, katika wilaya za Hoima na Kibaale, vilichukuliwa vijiji 121 vilivyofanana. Kwa kupiga kura, vijiji 60 viliingizwa katika mpango: mwenye msitu asipoukata alipewa shilingi za Uganda 70,000 kwa kila hekta kwa mwaka. Vijiji vilivyosalia havikupewa kitu, vilitazamwa tu. Baada ya miaka miwili picha zilizopigwa kutoka angani zilisomwa. Katika vijiji visivyolipwa miti ilipungua kwa asilimia 9.1, katika vijiji vilivyolipwa ilipungua kwa asilimia 4.2. Matokeo yakachapishwa mwaka 2017 ili kila mtu asome. Hapo hakuna ngoma wala vigelegele, lakini pana ukweli. Mpango ule haukuimaliza shoka. Uliipunguza nguvu karibu kwa nusu. Na kwa kuwa walilinganisha, twaweza kuwasadiki.

Lakini mwaka 2023 jarida la wataalamu, Science, lilitoa uchunguzi wa miradi 26 ya kuuza hewa ya ukaa katika nchi za joto, miradi ambayo ilikuwa imekwisha kuuza vyeti vyake kwa wenye viwanda. Mingi ya miradi ile haikuonekana kuwa imepunguza ukataji, na iliyopunguza ilikuwa imepunguza chini sana ya ilivyojisifu. Walikosea wapi? Walikadiria wenyewe ni miti mingapi ingalikatwa bila wao, wakakadiria nyingi mno, kisha wakauza tofauti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mgema ajisifuye mwenyewe, tembo lake litakuwaje?

Swali la pili: shoka limehamia wapi? Kijiji kikifunga msitu wake, na watu wake wakavuka bonde kukata kwa jirani, hapakuokolewa kitu, pamehamishwa tu. Watafiti wa Uganda walilitazama jambo hili pia, wasione dalili kwamba ukataji ulihamia kwa jirani. Ndiyo sababu twawasifu mara mbili. Kwetu wengi hawatazami. Ramani ya mradi ina mpaka mwekundu, na kilicho nje ya mpaka si kazi ya mtu. Wakati huohuo mji wangojea mkaa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania ilitumia tani kama milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake yaishia Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali iliupiga marufuku mkaa; bei ikapanda, watu wa mjini wakalia, na baada ya muda mfupi marufuku ikaondolewa. Kumbe amri pekee haipiki ugali. Ikiwa mama wa mjini hana moto mwingine anaoumudu, gunia litatoka tu, likikosa kutoka kwenu litatoka kwa jirani. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hilo ni neno jema, kwa kuwa lalifuata shoka mpaka jikoni. Lakini nalo tulipime kwa magunia yatokayo msituni, si kwa mitungi ya gesi iliyogawiwa mbele ya wapiga picha.

Swali la tatu: mlezi akiondoka, itakuwaje? Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania krone milioni 500 kwa kazi ya kulinda misitu na kujifunza biashara ya hewa ya ukaa. Miradi ya majaribio ikafunguliwa Kilosa, Lindi, Kilwa, Kondoa, Kigoma, Shinyanga, Zanzibar na kwingineko. Semina zikafanyika, mipaka ikapimwa, vijiji vingine vikapata malipo ya kujaribia. Miaka ilipokwisha fedha nazo zikapungua, na mahali pengi mnunuzi aliyengojewa hakutokea. Hatusemi kwamba kazi yote ilipotea. Katika Kilosa, kwa mfano, watu waligeukia njia nyingine: mkaa huchomwa katika vitalu vilivyopimwa, kisha kitalu huachwa miaka 24 kichipue, na ushuru huingia katika mfuko wa kijiji. Kwingine, kama katika vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hewa ya ukaa imepata wanunuzi, na fedha zake zimejenga zahanati na madarasa. Tufurahi nao, lakini tuwaulize kama ndugu: bei hiyo ikianguka Ulaya, je, msitu wenu utasimama kwa miguu yake?

Na si sisi maskini tu tuwekwao mizani na swali hili. Nchi ya Brazili ilipoteza kilometa za mraba 27,772 za msitu wa Amazonia katika mwaka 2004. Ikatumia picha za angani kumkamata mkataji, ikawanyima mikopo ya benki wavunja sheria, na mwaka 2012 upotevu ukashuka mpaka 4,571. Ndipo ulinzi ukalegea, na mwaka 2021 upotevu ukapanda tena kupita 13,000. Mlinzi aliporudi kazini ukashuka tena, na mwaka 2024 ulikuwa kama 6,300. Twajifunza mambo mawili. La kwanza, mwenye kusema kwamba hakuna kinachowezekana ni mwongo. La pili, mwenye kusema kwamba kazi imekwisha ni mwongo kumshinda yule wa kwanza.

Sasa twende Shinyanga, jirani yetu wa kaskazini, kwa maana huko mnajibiwa maswali yote matatu. Zamani za Waingereza, tangu miaka ya 1920, watu wa huko walitolewa kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o. Baadaye wakafyeka tena kwa ajili ya pamba, na ng'ombe wakala kilichosalia. Mwaka 1984 Rais Nyerere alipoitazama nchi ile alisikitika, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango uitwao Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Mwanzoni wataalamu nao walitaka kuotesha miche mingi ya kigeni. Lakini jambo lililoiponya nchi halikutoka katika vitalu. Lilitoka kwa wazee. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kufunga sehemu ya malisho mvua zinyeshapo, ili majani na miti ipumue, kisha kuifungua wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imevunjika watu walipohamishwa katika miaka ya 1970, kwa maana mtu aliyeng'olewa mahali pake hana sababu ya kulinda kichaka ambacho si chake tena. HASHI iliwarudishia wenyewe. Dagashida ya kijiji ikaweka sheria, sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta.

Tena waliopima hawakuishia kwenye hekta. Walipima sufuria pia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, majani, dawa, nguzo, matunda na asali, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya mtu wa shamba katika nchi yalikuwa kama dola 8.50 tu. Na mpango ulipokwisha mwaka 2004, ngitili hazikuondoka na magari ya mradi, kwa kuwa hazikuja na magari hayo.

Siri yake ni nini? Miombo hailazimiki kupandwa. Kila mchoma mkaa ajua kwamba kisiki cha mtundu au cha myombo huchipuka, kisipochomwa moto wala kung'olewa kwa jembe. Mwenyezi Mungu ameiacha mizizi hai chini ya ardhi; sisi twanunua vifuko vya plastiki! Msitu uliojeruhiwa hudai mambo mawili: muda, na mwenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikipa kijiji haki ya kutenga msitu wake na kuutawala kwa sheria ndogo zake. Ni vijiji vingapi vya Uyui, vya Sikonge, vya Kaliua, vilivyoitumia haki hiyo mpaka mwisho?

Na hapa hatuwezi kunyamaza habari ya tumbaku, ingawa wengi wetu twala kwayo. Baada ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 kushindwa pale Urambo, tumbaku ilishika mahali pake, na tangu hapo imejenga nyumba nyingi na kulipa ada nyingi za shule. Lakini tumbaku ya mvuke haikauki kwa jua. Yataka bani, na bani lataka moto usiku na mchana kwa siku kadhaa, na moto wataka kuni. Mkulima huambiwa apande miti, mara nyingi mikaratusi, na hesabu ya miche huandikwa vizuri sana. Lakini kuni zilizochomwa msimu ule huandikwa na nani? Mbolea ina bei, dawa ina bei, gunzi la mahindi lina bei. Mti wa porini peke yake hauna bei, nao ndio ubebao mzigo mzito kuliko yote. Mnunuzi wa mbali apata jani la dhahabu kwa bei ambayo ndani yake msitu wetu haukuhesabiwa. Na mkaratusi, hata ukistawi, ni kuni tu. Hautoi mbao kama mninga. Twadai basi, na dai hili si kubwa: kila chama cha msingi kiandike katika ukurasa mmoja mambo mawili, miti iliyo hai katika mwaka wa tatu tangu kupandwa, na mizigo ya kuni iliyoingia mabanini msimu huu. Kurasa hizo mbili zikikutana, kila mtu atajua kama kuna mpango au kuna maneno. Kisha mabani yanayokula kuni kidogo yaenezwe, na gharama yake isiachwe juu ya mkulima peke yake.

Twajua watakaotupinga. Wa kwanza watasema: “Kijiji hakina wataalamu wa kupima.” Twajibu: kijiji chajua kuhesabu ng'ombe, sadaka na madeni, kitashindwaje na visiki? Chagueni viwanja kumi msituni, kila kimoja hatua hamsini kwa hamsini, mkiweka mawe pembeni. Chagueni vingine kumi vinavyofanana navyo, mahali ambapo mpango haukufika. Kila mwaka mwezi wa nane hesabuni miti iliyosimama, visiki vipya, na machipukizi yaliyopita kimo cha mtu. Andikeni, na someni mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kijana wa sekondari mwenye simu aweza kuwaonyesha hata picha za angani, ambazo nyingi siku hizi hutolewa bure. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na msitu ni mali.

Wa pili watasema: “Hesabu zenu zitawafukuza wafadhili.” Mfadhili akimbiaye hesabu, mwacheni akimbie. Mwaminifu atafurahi kuona kilichofaa na kisichofaa, ili shilingi ya kesho iende mahali pake.

Wa tatu, nao ndio watuumizao zaidi, watasema: “Mwanakijiji ni mharibifu tu, atolewe msituni.” Hao na waende Duru-Haitemba, Babati, ambako katika miaka ya 1990 vijiji vinane vilikabidhiwa msitu ambao Serikali ilikuwa imekusudia kuutwaa. Wakaulinda wenyewe, na miti ikarudi. Watu hawaharibu chao kwa furaha. Huharibu kile ambacho wameambiwa si chao, au kile wanachojua kwamba kesho atakichukua mwingine.

Zitazameni kongwe zile za miembe iliyopandwa Tabora na Ujiji, katika njia ya misafara. Hakuna aliyehesabu miche yake, hakuna sherehe iliyofanywa. Iliyosimama ilisimama kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekula maembe yake na kupumzika chini ya kivuli chake, akamkataza mwanawe kuikata. Huo ulikuwa mpango kamili: mwenye mali, faida, na sheria.

Basi, ndugu zetu, katika Mkutano Mkuu ujao, akisimama mtu kusoma idadi ya miche, msimkatize. Adabu ni adabu. Mwacheni amalize. Kisha mmoja wenu anyoshe mkono na kuuliza kwa upole: Iliyo hai ni mingapi? Kwa jirani asiye na mpango hali ikoje? Na fedha zikikoma, nani atalinda? Naye katibu aandike maswali hayo pamoja na majibu yake, na mwaka wa pili yasomwe tena. Siku moja tutaulizwa hesabu ya uwakili wetu juu ya nchi hii tuliyopewa, na siku hiyo hatutaulizwa tulichimba mashimo mangapi.